Walimu wa kike wanapokataa kuwa walimu wakuu: tatizo liko kwao au katika namna tunavyowateua?

Mwanakata (muuliza swali)

Habari zenu, walimu wenzangu na wadau wote wa elimu. Mimi ni Afisa Elimu Kata katika halmashauri moja ya vijijini, Kanda ya Kati. Walimu wa kike katika kata yangu ni zaidi ya nusu ya walimu wa shule za msingi, kama ilivyo kwa Tanzania Bara kwa ujumla, lakini shule zote isipokuwa moja zinaongozwa na wanaume. Kila nafasi inapotokea huwa naombwa mapendekezo, na tangu nilipopewa kata hii nimejitahidi kuhakikisha kwamba orodha yangu haiendi wilayani bila jina la mwanamke. Baadhi ya majina hayo hayakurudi, na sikuelezwa sababu. Mengine yalirudi na barua za uteuzi, lakini wahusika wakaandika kuomba wasipangiwe madaraka hayo kwa "sababu za kifamilia".

Sasa imeanza kusemwa waziwazi katika vikao vyetu kwamba wanawake wenyewe hawataki uongozi, na kwamba kuendelea kuwapendekeza ni kupoteza muda. Mimi siamini hivyo. Mmoja wa waliokataa ni miongoni mwa walimu bora niliowahi kufanya nao kazi: watoto wake wa darasa la kwanza husoma kabla mwaka haujaisha, na wazazi humsikiliza yeye kuliko wanavyonisikiliza mimi. Mtu kama huyo hakosi uwezo, na sidhani kwamba anakosa nia. Lakini ninaposimama kikaoni sina hoja ya kutosha ya kuwajibu wenzangu, kwa kuwa karatasi iliyo mbele yao inaonyesha kwamba aliteuliwa naye akakataa.

Ninaomba wale waliopitia njia hii, waliokubali na waliokataa, wanieleze ni nini hasa kinachotokea kati ya jina kupendekezwa na barua ya kukataa kuandikwa. Pia ningependa kujua lililo katika uwezo wa mtu wa ngazi yangu, ambaye hana fungu la kujenga nyumba za walimu wala mamlaka ya kuteua.

Mama Mstaafu

Mwanangu Mwanakata, nakushukuru kwa kuuliza, kwa sababu barua za aina hiyo kwa kawaida hufungiwa kwenye faili na hakuna anayerudi kumwuliza aliyeziandika. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mkoani Pwani hadi nilipostaafu, na kabla ya kukubali niliwahi kukataa, kwa hiyo nazijua pande zote mbili.

"Sababu za kifamilia" ni maneno ya adabu ambayo mtumishi huyatumia asipotaka kumlaumu mwajiri wake. Anza kwa kujiuliza ni nafasi zipi zinazobaki wazi. Shule ya mjini, yenye umeme na nyumba ya mwalimu, mara nyingi huwa na mtu anayeisubiri kabla hata aliyepo hajastaafu. Nafasi inayokosa mtu ni ya shule ya pembezoni, ambako nyumba ya mwalimu mkuu ni ya bati lililotoboka au haipo kabisa. Mwanamume akipangiwa huko hupanga chumba kwa mwanakijiji, familia ikabaki mjini, naye akarudi nyumbani mwisho wa mwezi, na hakuna mtu atakayemwuliza watoto wake wanalelewa na nani. Mwanamke akifanya hivyohivyo atasemwa na ukoo wake, ukoo wa mumewe, na wakati mwingine hata kamati ya shule anayokwenda kuiongoza. Akiamua kuhama na watoto anahitaji nyumba yenye mlango unaofungwa na zahanati isiyo mbali. Posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, ambayo walimu wakuu wa shule za msingi wanalipwa, ni msaada wa kweli na ninaiheshimu, lakini haiwezi kuendesha nyumba mbili.

Kuna jambo jingine ambalo viongozi wa elimu hawalihesabu, nalo ni uhamisho wa kumfuata mwenza. Mwalimu wa kike aliyekwisha kuwa mwalimu wa taaluma, yaani msimamizi wa masomo na mitihani shuleni, akaaminiwa na kuanza kukaimu nafasi ya mwalimu mkuu msaidizi, mume wake akihamishiwa mkoa mwingine naye huomba kumfuata. Kule aendako anapokelewa kama mwalimu wa kawaida, kwa sababu barua ya uhamisho haisemi chochote kuhusu madaraka aliyokuwa nayo. Nimewaona walimu wenye uzoefu wa miaka mingi wakianza upya kwa namna hiyo zaidi ya mara moja, na walipofikia umri wa kuteuliwa, wanaume waliosoma nao chuo walikuwa wamekwisha kuwa wakuu wa shule wa muda mrefu.

Wengi wetu tukizungumzia wanawake walioongoza shule humtaja Mama Maria Kamm, aliyekuwa mkuu wa shule ya sekondari ya wasichana ya Weruweru, na ni haki yake, kwa kuwa aliijenga shule ile ikajulikana nchi nzima kwa nidhamu na taaluma. Lakini tunapomtaja tusisahau kwamba shule za bweni za aina ile zilikuwa na nyumba ya mkuu ndani ya eneo la shule, watumishi, na wizara iliyozifuatilia kwa karibu. Hatuwezi kumsifu Mama Kamm kisha tukampeleka mwalimu wa leo mahali ambapo hata maji ya kunywa atayanunua kwa bodaboda, na akikataa tukasema wanawake wa siku hizi hawana moyo.

Mdhibiti Ubora

Ninaheshimu maelezo ya Mama Mstaafu na kwa sehemu kubwa ninakubaliana naye. Hata hivyo, nyumba na umbali havielezi kila kitu. Mimi hukagua pia shule za mjini, ambako barabara ni nzuri na walimu karibu wote ni wanawake, nako ninakuta mwalimu mkuu na msaidizi wake ni wanaume. Hapo hakuna aliyekataa kwa sababu ya umbali. Mara nyingi hakuna mwanamke aliyeulizwa.

Ninavyoona, tatizo linaanza miaka kumi kabla ya uteuzi, katika mgawanyo wa majukumu ndani ya shule. Mtu hapendekezwi kuwa mwalimu mkuu kwa sababu anafundisha vizuri tu. Anapendekezwa kwa sababu amekuwa mwalimu wa taaluma, amekwenda wilayani na matokeo ya mitihani, amesimamia nidhamu, ameandika mihtasari ya vikao, na jina lake linafahamika kwa Afisa Elimu. Tangu Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza na ruzuku ya uendeshaji ikawa inaingia moja kwa moja kwenye akaunti za shule, kazi ya mwalimu mkuu imekuwa pia ya uhasibu, na kwa miradi ya ujenzi inayotekelezwa kwa force akaunti, yaani shule yenyewe kununua vifaa na kuajiri mafundi bila mkandarasi, imekuwa ya usimamizi wa mafundi, saruji na nondo. Mnakumbuka miezi ya mwisho ya 2021, ilipoamriwa kwamba madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO-19, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi (madarasa ya watoto wanaoishi mbali na shule mama), yakamilike kabla shule hazijafunguliwa Januari. Wakuu wa shule walilala kwenye maeneo ya ujenzi. Walimu waliowasaidia katika kamati za manunuzi na ujenzi walitoka katika zoezi lile wakiwa na ujuzi mkubwa wa kuendesha shule, na katika shule nilizozipitia wengi wao walikuwa wanaume, kwa sababu mkuu wa shule anapotafuta mtu wa kwenda naye kununua mbao alfajiri humwita mwanamume bila hata kufikiri.

Kwa hiyo orodha inapofika mezani, anayeteua anaweza kusema kwa dhamiri safi kwamba amemchagua mwenye uzoefu, kwa maana huo uzoefu uligawiwa kwa upendeleo zamani, na hakuna aliyeuona ukigawiwa.

Niongeze tahadhari moja. Kuna takwimu inayosambazwa sana, kwamba katika Benin, Madagaska, Senegali na Togo, wanafunzi wa shule za msingi zinazoongozwa na wanawake wamekutwa mbele ya wenzao kwa kiasi kinachofikia hata mwaka mzima wa masomo. Ni matokeo ya kutia moyo na ninayaamini kama yalivyoelezwa, lakini ninawasihi tusiyafanye kuwa hoja yetu kuu. Inawezekana kwamba wanawake wachache waliopenya katika nchi hizo walipitia chujio kali kuliko wanaume, hivyo tunalinganisha wanawake bora kabisa na wanaume wa kila aina. Mwalimu wa kike ana haki ya kuongoza shule hata kama ataiongoza kwa kiwango cha kawaida, kama wanavyoiongoza wanaume wengi wa kawaida. Tukisema anastahili kwa sababu ni bora kuliko mwanamume, siku atakapokosea kidogo tutamvua yeye na wote watakaomfuata.

Mwalimu wa Machakos

Nawasalimu kutoka Kenya. Nimefuatilia mjadala huu kwa sababu nyinyi mnauliza maswali ambayo sisi tulidhani tumeyajibu kwa sheria, kumbe bado.

Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 27, inaitaka serikali ihakikishe kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, wanachama wa jinsia moja hawazidi theluthi mbili. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, iliongozwa na mwanamke, Dkt. Nancy Macharia, kuanzia 2015, kwa muda wa miaka kumi hivi. Ukisoma hayo tu ungetarajia kwamba ofisi za walimu wakuu zimejaa wanawake. Hali ilivyo ni kwamba shule za upili za wasichana huongozwa na wanawake, za wavulana na wanaume, na shule za kutwa za mseto, ambazo ni nyingi kuliko zote, bado huonekana kuwa mahali pa mwanamume, huku mwanamke akiwa naibu wake. Hakuna kanuni iliyoandikwa hivyo. Ni mazoea, na mazoea hayo yanaungwa mkono na bodi za usimamizi, na pia na makanisa yaliyozianzisha shule na ambayo maoni yao husikilizwa mtu anapopelekwa kuiongoza shule. Matokeo yake ni kwamba wanawake wanashindania shule chache za wasichana, hali nafasi nyingi ziko kwingine.

Kuhusu umbali, tuliishi jaribio kamili. Mwaka 2018 TSC ilianza sera ya kuwahamisha walimu wakuu na walimu wengine nje ya kaunti zao za nyumbani. Sera hiyo ilikuwa na nia inayoeleweka, ya kupunguza ukabila na ukaribu uliopita kiasi kati ya walimu wakuu na wenyeji. Lakini ilitenganisha familia, na malalamiko yaliendelea hadi Bunge la Taifa likataka ikomeshwe mwishoni mwa 2022, na mwanzoni mwa 2023 walimu wakaanza kurejeshwa. Katika miaka ile, manaibu wa kike niliofanya nao kazi waliacha kuomba nafasi za juu, kwa kuwa kupandishwa cheo kulikuwa na maana ya kufunga nyumba. Wanaume pia waliumia, sitaki kuonekana nawasahau, lakini wengi walikwenda. Wanawake walibaki manaibu, na sera ilipoondolewa walikwisha kupitwa.

Kwa hiyo, Afisa Mwanakata, tahadhari na sera inayosema kwamba inawatendea watu wote sawa kwa kuwapeleka wote mbali sawasawa.

Mwalimu wa Hisabati

Shikamoo Mama Mstaafu, na salamu kwenu nyote. Mimi bado sijafikia umri wa kuteuliwa. Nafundisha hisabati darasa la sita na la saba katika shule ya mjini, na nimeandika kwa sababu Mdhibiti amegusa jambo ninaloliishi kila siku.

Tangu niripoti kazini nimekuwa mlezi wa wasichana, msimamizi wa usafi, mjumbe wa kamati ya chakula, na mtu wa kuandaa mapokezi wageni wakija. Kazi ya malezi naipenda na siidharau hata kidogo, kwani wapo wasichana ambao wangeacha shule bila mtu wa kuzungumza naye. Lakini haina ripoti inayopelekwa wilayani, haina semina, na hakuna fomu inayonipa nafasi ya kuiandika kama uongozi. Mwenzangu wa kiume tuliyeajiriwa pamoja alipewa ofisi ya taaluma katika mwaka wake wa pili. Ni mwalimu mzuri na ni rafiki yangu, na kila anaporudi kutoka kikao cha wilaya hunieleza yaliyozungumzwa. Nami ninayajua yaliyozungumzwa kwa kusimuliwa tu.

Niliwahi kumwomba mwalimu mkuu anipe taaluma, au walau anifanye msaidizi wake. Alinijibu kwa upole kabisa kwamba asingependa kunibebesha mzigo huo nikiwa na mtoto mchanga. Alidhani ananihurumia. Likizo yangu ya uzazi ya siku 84 ilikuwa imekwisha na nilikuwa nimesharudi darasani kwa ratiba kamili, lakini huruma ile iliendelea hadi mtoto akaanza kutembea, na ofisi ya taaluma ikawa na mtu mwingine.

Ndiyo maana naomba wakubwa wangu mtuulize kabla ya kutuhurumia. Ninaweza kusema mwenyewe kwamba mwaka huu siwezi, ila nikiwa nimesema hivyo, niulizwe tena mwaka unaofuata.

Mwanakata

Nimesoma majibu yote kwa makini, na baadhi yake nimeyasoma mara mbili. Nimepitia kumbukumbu za majukumu katika shule za kata yangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa jicho hili. Nimekuta kwamba walimu wa taaluma karibu wote ni wanaume, hata katika shule ambazo wanawake ni wengi maradufu. Mgawanyo huo hupangwa na mwalimu mkuu, na mimi ndiye ninayewasimamia walimu wakuu. Kumbe ngazi yangu ina la kufanya, tena bila fedha.

Nitapendekeza katika kikao kijacho kwamba nafasi za taaluma, nidhamu na ujumbe wa kamati za ujenzi zizungushwe, na kwamba kila shule iwe na angalau mwanamke mmoja katika nafasi ya taaluma au ya msaidizi wake. Nitaomba pia majina ya walimu wanaotaka kusomea uongozi ADEM, wakala wa serikali wa mafunzo ya uongozi wa elimu, kule Bagamoyo, Mwanza au Mbeya, yakusanywe kwa kuwauliza walimu wote. Zamani tuliwauliza wale tu waliokuja ofisini kuomba.

Swali langu lililobaki ni gumu zaidi kwangu kuliuliza. Mwalimu yule niliyemtaja mwanzoni aliniambia, nilipokwenda kuzungumza naye baada ya kusoma maneno ya Mama Mstaafu, kwamba mume wake ndiye aliyesema hapana. Je, Afisa Elimu ana nafasi gani hapo?

Mdhibiti Ubora

Kabla Mama hajajibu, niseme kwamba mapendekezo yako yana msingi wa kisera, kwa hiyo usiyawasilishe kama matakwa yako binafsi. Upo mwongozo wa uteuzi wa viongozi wa elimu katika mamlaka za serikali za mitaa, uliozinduliwa 2022. Usome wote na uende nao kikaoni. Wenzako wakisema kwamba jambo hili limeletwa kutoka nje, unaweza kuwaambia kwamba hakuna nchi iliyolimaliza: utafiti wa 2018 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, kuhusu shule za sekondari za awali ulionyesha wanawake wakiwa asilimia 68 ya walimu na asilimia 47 tu ya wakuu wa shule, na ripoti ya UNESCO ya 2024/5, iliyohusu uongozi wa elimu, ilikuta kwamba ni asilimia 11 tu ya nchi zenye hatua zozote za kuzingatia uwiano wa jinsia wakati wa kuwapata wakuu wa shule. Kata ikianza, itakuwa imeanza mapema.

Mama Mstaafu

Marahaba, binti yangu wa hisabati. Endelea kuomba ofisi hiyo, na safari hii omba kwa maandishi.

Mwanakata, kuhusu mume. Usiende kumshawishi wala kumlaumu, kwa kuwa ndoa ile si ya halmashauri. Lakini jiulize alisema hapana juu ya nini. Wa kwangu naye alisema hapana mara ya kwanza, na alikuwa na haki, maana tuliletewa barua inayosema niripoti kituoni ndani ya siku chache, shule hatuijui, na mtoto wetu mmoja alikuwa darasa la mtihani. Mara ya pili Afisa Elimu wa wakati ule aliniita mapema, akaniambia shule mbili zitakuwa wazi mwakani, akaniuliza ipi ingefaa zaidi, akaniruhusu niende kuitazama. Tulikwenda wote wawili, mume wangu akazungumza na mwenyekiti wa kijiji, akaona nyumba, akauliza kuhusu maji. Tuliporudi yeye ndiye aliyeanza kupanga nani atakaa na watoto.

Huyo mwalimu wako umwulize ni shule gani angeikubali na kuanzia lini. Akikujibu, andika jibu lake kwenye orodha utakayoipeleka wilayani, pembeni ya jina lake, ili yule atakayesoma asikute tena neno "alikataa" likiwa peke yake. Na kama katika kata yako ipo shule moja yenye nyumba nzuri ambayo mwalimu mkuu wake anakaribia kustaafu, ipeleke hoja hiyo sasa, kabla haijapata mtu wa kuisubiri.